Guido wa Arezzo, Mtawa Aliyewafundisha Waimbaji Kusoma Nyimbo



Katika siku hizi za Jubilei ya parokia yetu tumewakumbuka wengi. Tumewaombea wamisionari waliofika kwanza, wakatekista waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji, mafundi waliochoma matofali ya kanisa, na akina mama waliobeba maji ya kukandia udongo. Ni haki kuwakumbuka. Lakini yuko mtumishi mmoja ambaye jina lake halikutajwa hata mara moja, na kumbe kazi yake imo ndani ya kila Misa tuliyoimba tangu mwanzo wa parokia hii. Waimbaji wetu wanapokusanyika jioni, naye mwalimu wao anaposhika chaki na kuandika ubaoni do, re, mi, fa, sol, la, wanatumia urithi wa mtu huyo. Alikufa zamani sana, yapata miaka elfu moja. Jina lake ni Guido, na watu wamezoea kumwita Guido wa Arezzo.

Tumeona vema kuyaeleza maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wengi wanayadhania masomo ya muziki kuwa sheria kavu, zilizotungwa ili kuwachosha. Hawajui kwamba zilizaliwa na huruma ya mtawa mmoja aliyewaona watoto wakiteseka. Pili, korali yetu ilipata hasara ambayo tutaieleza mwishoni bila kuficha, na maisha ya Guido yanatuonyesha dawa yake.

Mtawa wa Pomposa

Guido alizaliwa karibu mwaka wa 991 au 992. Akaingia katika monasteri ya Pomposa, iliyo kaskazini ya Italia, karibu na bahari ya Adriatiko. Hapo waliishi watawa wafuatao Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Kanuni hiyo inawaita watawa kanisani mara saba mchana na mara moja usiku, ili wamsifu Mungu kwa Zaburi na antifona. Kila sikukuu ina nyimbo zake, na kila kipindi cha mwaka kina nyimbo zake. Mtoto aliyetolewa na wazazi wake monasterini alikuta mbele yake mlima wa nyimbo mamia kwa mamia, naye alipaswa kuzijua zote.

Je, alizijuaje? Kwa sikio tu. Mwalimu aliimba, mtoto akarudisha. Akikosea, akaanza tena. Vitabu vilikuwapo, na juu ya maneno ya sala palikuwa na alama ndogo ndogo. Alama zile zilionyesha kwamba sauti inapanda au inashuka, lakini hazikuonyesha kwa hakika inapanda kiasi gani. Ni kama kumwambia msafiri kwamba mbele yake kuna mpando, pasipo kumwambia kama ni kichuguu au mlima. Aliyekwisha kuujua wimbo alikumbushwa. Asiyeujua hakupata msaada wowote. Kwa hiyo ilihitajika karibu miaka kumi kumfanya mtu awe mwimbaji kamili, na hata baada ya miaka hiyo hakuweza kuimba antifona ndogo asiyopata kuisikia kwa mwalimu.

Guido aliyatazama mambo hayo akahuzunika. Alihuzunika kwa ajili ya watoto, na tena kwa ajili ya Mungu mwenyewe. Aliona kwamba miaka ile yote iliyopotea katika kukariri ingeweza kutumiwa kwa kusoma Maandiko Matakatifu na kwa sala. Aliona pia magomvi. Kila mwalimu alifundisha alivyozoea, na waimbaji wa makanisa mawili walipokutana hawakuweza kuimba wimbo mmoja kwa moyo mmoja, kwa maana kila upande ulisema kwamba ule mwingine umepotoka.

Mistari minne, rangi mbili

Guido, pamoja na ndugu yake wa kitawa aitwaye Mikaeli, alianza kutengeneza kitabu cha antifona kwa namna mpya. Alipiga mistari kwenye ukurasa, mmoja juu ya mwingine, akaweka alama za nyimbo juu ya mistari hiyo na katika nafasi zilizo kati yake. Mstari ni daraja moja ya sauti, na nafasi inayoufuata ni daraja nyingine. Kabla yake wengine walikwisha kujaribu kupiga mstari mmoja. Yeye ndiye aliyeupanga utaratibu mzima na kuueleza wazi hata mtoto akaushika.

Kisha akaongeza rangi. Mstari wa ile sauti tunayoiita leo do aliutia rangi ya manjano, na mstari wa fa aliutia rangi nyekundu. Kwa nini alizichagua hizo mbili? Wanafunzi wetu waangalie hapa vizuri, kwa maana huu ndio mzizi wa somo lote. Sauti za wimbo zinafuatana kama madaraja ya ngazi, lakini madaraja hayo hayalingani. Mengi ni hatua nzima, na mawili tu ni nusu hatua: moja iko kati ya mi na fa, nyingine iko kati ya si na do. Mwimbaji asiyejua nusu hatua iko wapi huimba kama mtu ashukaye ngazi gizani. Mguu wake unategemea daraja refu, kumbe ni fupi, naye anajikwaa. Guido aliweka taa mbili mahali palepale pa hatari. Chini ya mstari wa manjano kuna nusu hatua, na chini ya mstari mwekundu kuna nusu hatua. Jicho likiona rangi, koo linajua la kufanya.

Kutoka hapo ndipo vilipotokea vile vifunguo vinavyowekwa mwanzoni mwa mistari katika vitabu vyetu vya nota. Nyimbo za Kigregoriani zinaandikwa hata leo juu ya mistari minne. Nyimbo nyingine zimechukua mitano. Lakini msingi ni uleule.

Kijicho cha ndugu

Tungetazamia watawa wa Pomposa wafurahi na kumshukuru. Haikuwa hivyo. Sifa za Guido zilienea haraka katika Italia ya kaskazini, kwa sababu watoto wake walijifunza kwa muda mfupi kabisa. Wale waliotumia miaka kumi ya ujana wao kukariri hawakupenda kumwona mtoto wa juzi akifungua kitabu na kuimba sawa nao. Wakamwonea kijicho, wakamfitini, hata Abati akageuzwa moyo. Karibu mwaka wa 1025 Guido aliiacha Pomposa, akahamia mji wa Arezzo, katika nchi ya Toscana.

Tusiwahukumu upesi watawa wale. Mtu anayejua jambo ambalo wengine hawalijui ana heshima na mamlaka kati yao. Akilifundisha kwa wote, heshima ile inapungua. Ni jaribu la walimu wa nyakati zote, nasi wakatekista tunalifahamu vizuri.

Mwalimu wa Arezzo

Askofu wa Arezzo aliitwa Teodaldo. Alimpokea Guido kwa moyo mwema, akamkabidhi waimbaji wa katedrali awafundishe. Hapo Guido alipata kibali na utulivu, akaandika kitabu chake kikubwa, kiitwacho Micrologus, karibu mwaka wa 1026, akakitoa kwa heshima ya Askofu huyo. Jina lake lina maana ya maelezo mafupi, na kweli kina sura 20 tu. Lakini kilinakiliwa kwa mkono katika monasteri nyingi za Ulaya, hata kikawa kati ya vitabu vya muziki vilivyosomwa zaidi katika karne zile. Wakati huo muziki ulihesabiwa kati ya elimu nne za juu, pamoja na hesabu, jometri na elimu ya nyota. Wenye akili kubwa waliuandikia vitabu vya kutafakari tu. Guido aliandika kwa ajili ya mwimbaji aliye kanisani, ambaye kesho asubuhi lazima aimbe.

Chombo alichokitumia kufundishia ni kidogo: ubao wenye uzi mmoja uliokazwa. Uzi mzima ukipigwa unatoa sauti moja. Ukizuiwa katikati, nusu yake inatoa sauti ileile lakini ya juu, ambayo leo tunaiita oktava. Ukiacha sehemu mbili za tatu, unapata kwinta, kama toka do hata sol. Ukiacha sehemu tatu za nne, unapata kwarta, kama toka do hata fa. Mwanafunzi anapima kwa jicho na mkono, huku anasikia kwa sikio. Anajua basi kwamba sauti nzuri haitokani na bahati. Mungu aliyeumba vyote kwa kipimo na hesabu ameweka hesabu yake hata ndani ya uzi. Baada ya hayo Guido anaeleza namna mbalimbali za nyimbo za Kanisa, jinsi sauti ya mwisho inavyotawala wimbo mzima, jinsi ya kutunga wimbo ufuatao maana ya maneno, na jinsi sauti mbili zinavyoweza kwenda pamoja bila kuumizana. Haya yote ndiyo yanayofundishwa mpaka leo katika mwaka wa kwanza wa vyuo vya muziki, na hata sisi tuliyasoma kidogo katika seminari ndogo.

Wimbo wa Yohane Mbatizaji

Lakini kitu kimoja kilimzidia umaarufu, nacho alikieleza katika barua aliyomwandikia Ndugu Mikaeli. Guido alitambua kwamba jicho likisoma mstari, sikio bado linahitaji mahali pa kushikia. Akachagua utenzi wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, unaoimbwa tarehe 24 Juni. Katika utenzi ule, kila sehemu ya mstari inaanza daraja moja juu ya sehemu iliyotangulia. Akachukua silabi ya kwanza ya kila sehemu: ut, re, mi, fa, sol, la. Sauti sita, na nusu hatua moja tu katikati, kati ya mi na fa. Mtoto aliyeujua utenzi huo kwa moyo alikuwa na ngazi nzima kifuani mwake. Alipoona nota asiyoijua, alijiuliza: je, inafanana na mwanzo wa sehemu gani? Akaimba bila kumwuliza mtu.

Majina mengine yalikuja baadaye. Silabi si iliongezwa na watu wengine, nayo ilitokana na herufi za mwanzo za jina la Mtakatifu Yohane kwa Kilatini. Ut iligeuzwa kuwa do huko Italia katika karne ya 17, kwa sababu do inaimbika kwa urahisi zaidi. Ingawa Wafaransa waliendelea kuitumia ut kwa muda mrefu. Na urefu wa nota, yaani ipi ni ndefu na ipi ni fupi, haukuonyeshwa na mistari ya Guido. Walimu wa karne zilizofuata ndio waliotafuta kipimo chake. Tunasema hivyo kusudi tusimpe mtu mmoja kazi ya wengi. Yeye aliweka jiwe la msingi, na wengine wakajenga juu yake.

Wala haikosi maana kwamba utenzi huo ni wa Yohane Mbatizaji. Baba yake Zakaria alikuwa bubu, na ulimi wake ulifunguliwa pale mtoto alipopewa jina. Yohane mwenyewe alikuwa sauti iliayo jangwani, akamwonyesha Kristu, kisha akajitenga kando ili Kristu akue. Ndivyo alivyo mwalimu wa kweli.

Mbele ya Papa

Sifa za Guido zilifika Roma. Karibu mwaka wa 1028 Papa Yohane XIX alituma wajumbe watatu kumwita. Guido akasafiri pamoja na Abati mmoja na mkuu wa makanoni wa Arezzo. Papa alimpokea kwa furaha, akamwuliza mambo mengi, akakifungua kile kitabu cha antifona na kuzigeuza kurasa zake kama mtu aliyeona ajabu. Hakuridhika na maneno. Hakuinuka mahali pake mpaka alipokuwa amejifunza yeye mwenyewe kipande kimoja cha wimbo asichopata kukisikia, akakiimba. Jambo alilokuwa akilisikia kwa wengine, sasa aliliamini kwa kinywa chake mwenyewe. Tulitafakari hapo: Baba Mtakatifu, mkuu wa Kanisa lote, alikubali kuwa mwanafunzi wa mtawa aliyefukuzwa na kijicho cha ndugu zake.

Guido hakukaa Roma. Joto la kiangazi na hewa mbaya ya mabwawa vilimletea ugonjwa, akapatana na wenyeji wake kwamba atarudi wakati wa baridi ili aendelee kuwafundisha mapadri wa huko. Katika siku zile alionana na Abati wa Pomposa. Abati alikitazama kitabu, akaelewa, akajuta kwa kuwa aliwasikiliza wafitini, akamwomba Guido arudi kwa ndugu zake. Guido hakumkumbusha machungu ya zamani. Katika barua yake kwa Mikaeli anayasimulia mambo hayo kwa moyo uliotulia, akimfariji rafiki aliyeteswa pamoja naye, na kutumaini kwamba watakaokuja baadaye watawaombea wote wawili.

Jina lake linaonekana bado katika maandishi ya mwaka wa 1033. Baada ya hapo akafa, wala hatuna kaburi la kuonyesha. Wenyeji wa Arezzo walimsimamishia sanamu katika mji wao mwaka wa 1882. Lakini sanamu yake iliyo hai ni mtoto yeyote anayefungua kitabu na kuimba.

Somo kwa parokia yetu

Sasa tutaje hasara yetu. Mzee aliyeongoza korali yetu kwa miaka mingi alikuwa na kipaji kikubwa. Alitunga nyimbo za Noeli, za Pasaka na za mazishi, kwa maneno ya wazee wetu na kwa mwendo wa ngoma zetu. Wageni walipozisikia walilia. Hakujua kuandika nota, na nyimbo zake zote zilikaa kifuani mwake. Hakuwa mchoyo, aliyetaka kujifunza alikaribishwa nyumbani kwake. Siku ya mazishi yake tulitaka kumwimbia wimbo wake mwenyewe. Akina mama walianza hivi, wanaume wakajibu vingine. Wazee wawili wakabishana kwa sauti ndogo karibu na jeneza, kila mmoja akisema kwamba ndivyo marehemu alivyofundisha. Mwishowe tuliimba wimbo mwingine. Na sisi tuandikao haya, ambao tulisoma solfeji seminarini, tulikuwa tumesimama pale na aibu. Kwa miaka mingi tulikaa karibu naye. Hatukuketi naye hata jioni moja tukiwa na kaye na kalamu.

Wengine watasema kwamba nota ni kitu cha kigeni, tena zitaua roho ya nyimbo zetu. Neno hilo lina ukweli kidogo: nota hazishiki mambo yote ya ngoma, wala kilio kilicho ndani ya sauti ya mama mzee. Lakini tukumbuke yaliyotendeka Kamina, katika Katanga. Mwaka wa 1958 Mfransisko Mbelgiji aitwaye Padri Guido Haazen, mwenye jina moja na mtawa wetu, aliimbisha pamoja na vijana wa huko Misa iitwayo Missa Luba. Waliiimba kwa kupatana, kila mmoja akijibu mwenziwe kufuatana na desturi ya wazee. Baadaye iliandikwa kwa nota, na kwa sababu hiyo korali za nchi za mbali, ambazo hazikupata kuikanyaga Kamina, ziliweza kuiimba. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka muziki wa kila taifa upewe heshima yake. Na mwaka wa 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya nchi yetu. Milango imefunguliwa. Lakini nani ataingia na nyimbo zilizosahauliwa?

Basi, Jubilei hii isiishe kwa karamu tu. Tunaomba mambo mawili. Vijana wa korali wajifunze msingi: madaraja, nusu hatua, oktava, kwinta na kwarta, wasiogope, kwa maana watoto wa Arezzo walianza kuimba nyimbo wasizozisikia kabla ya mwezi kwisha. Nao wenye kujua waende kwa wazee waliobaki, wakaandike kile kinachokumbukwa bado cha nyimbo zile, hata kama ni nusu yake, hata kama wawili wanabishana. Waandike namna zote mbili.

Na sisi walimu, wa muziki na wa dini, tujipime kwa kipimo cha Guido. Mwanafunzi anayetuhitaji siku zote hatukumfundisha bado. Yule anayeweza kufungua kitabu na kumsifu Mungu wakati sisi hatupo, huyo ndiye tunda la kazi yetu. Mungu awape raha ya milele Guido mtawa, na mzee wetu mwimbaji, na awajalie kuimba mahali ambapo hakuna wimbo unaopotea. Amina.